Mlango Mmoja wa Nyumba ya Baraza

Sijawahi kuona wanaume wazima wakiufurahia mlango kama wazee wetu walivyoufurahia ule wa nyumba ya baraza. Ulikuwa wa mbao nzito, wenye kitasa cha chuma na ufunguo mrefu, na siku ulipowekwa walipokezana kuufungua na kuufunga mpaka fundi akawaomba wamwachie amalize kazi. Baba mkwe wangu ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Aliutundika shingoni, juu ya koti la askari alilopewa na Bwana Shauri wa boma la Wajerumani, koti la watu wa baridi, akalivaa katika joto la ufuko wa Nyasa huku jasho likimtiririka. Nilimchungulia kupitia majani ya migomba, jambo ambalo mke wa mwanawe hatakiwi kulifanya, na mpaka leo siombi radhi.

Naandika haya kwa sababu juzi alipita kwetu mtu wa siasa mwenye miwani, akituuliza Bunge la nchi lipewe nini ili lifanye kazi vizuri. Lipewe makarani? Lipewe nyumba ya vitabu? Vikao viwe wazi kwa raia? Wenzangu walimpigia makofi kwa kila swali. Mimi nilimwuliza mlango utakuwa upande gani, akacheka, akidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Sikumweleza. Alikuwa na haraka ya kwenda kupigiwa makofi Talatala.

Wakati wa Mjerumani, kabla ya vita ya Wazungu, baraza la nchi yetu ya ziwani lilikaa nje, kwenye uwanja wa nyasi fupi palipofungwa ng'ombe, mwendo mfupi kutoka soko la Lyulilo. Walikuja wazee kutoka Ngana, kutoka Talatala, na wa kwetu ufukweni. Hawakuwa na akili kuliko hawa wa leo. Walikuwa wanapiga domo, wanasinzia, wanagombania nyama. Lakini walipiga domo mbele ya watu, na kila aliyepita na mtungi au mzigo wa ndizi alisikia walichosema, na mzee aliyesema upuuzi aliusikia tena jioni kutoka kwa mkewe.

Sisi wanawake tulioolewa tulisikilizia migombani. Hapa lazima nieleze, maana siku hizi vijana wanaoana na kula meza moja na wakwe zao. Kwetu mwanamke hamtazami baba wa mumewe. Hasemi naye, hapiti mbele yake, na sauti yake mwenyewe haitakiwi kufika masikioni mwa mkwe. Akikutana naye njiani anajitupa kichakani na kujifunika. Mkwe naye anageuza uso. Na si yeye peke yake, bali na wote anaowaita ndugu na rika lake. Tunaita ukutila. Misheni walitufundisha mengi na tukabatizwa, lakini hili tuliendelea nalo hata njiani kwenda kanisani. Kwa hiyo wazee wote wa baraza, kwa namna moja au nyingine, walikuwa wakwe zetu. Baraza likikaa nje haikuwa shida. Migomba ilitusitiri, tulisikia yote, na tulipokuwa na neno tulimtuma mwanamume akalisema. Likibadilishwa njiani tulisikia pia, na mwanamume huyo alilijua hilo.

Sisi wa ufukweni, wanawake wa Kikisi, tuliishi kwa udongo. Palikuwa na ukingo mmoja, kati ya matete makubwa na kijito, wenye udongo wa kijivu unaoshikana vizuri na usiopasuka motoni. Mama yangu aliuchimba, na mama yake kabla yake. Tuliufinyanga, tukaupaka ngeu nyekundu, tukausugua kwa kokoto laini mpaka ung'ae, tukachoma kwa nyasi na matete, kisha vyungu vikapangwa mitumbwini kwenda kubadilishwa kwa mahindi, maharage na ndizi. Kwetu mlima unaingia ziwani moja kwa moja, hakuna shamba la maana. Bila ukingo ule tungekula usipa mtupu, dagaa wa ziwa letu, na usipa nao una misimu yake.

Sasa Bwana Shauri, mzungu aliyetawala kutoka boma la milimani, alikuja siku moja akawauliza wazee baraza lao linahitaji nini. Nilikuwa migombani, niliyasikia kwa masikio yangu. Watu wanaotunga amri za nchi nzima wanaulizwa wanahitaji nini. Wakaomba nyumba. Wakaomba bati, kwa sababu boma lina bati. Wakaomba mabenchi yenye pa kuegemea. Wakaomba kengele. Mzee wa Ngana akaomba taa, ingawa baraza halikuwahi kukaa usiku hata mara moja. Mzee wa Talatala akaomba kofia. Baba mkwe akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye hahitaji kitu, kisha akataja koti. Hakuna aliyeomba mtu wa kuwasomea barua. Hakuna mmoja wao aliyejua kusoma, na barua za boma zilikuwa zinakuja kila mwezi kwa Kiswahili, lugha ambayo waliielewa nusu nusu.

Wakapewa vyote, kofia ikiwa mojawapo. Na karani wakapewa, mtu wa pwani, kanzu safi, aliyekula kwa boma na kuandika kwa boma.

Wazee wakatutumia ujumbe kwamba matofali ya nyumba yatatoka kwenye ukingo wetu, kwa msimu mmoja tu. Lilizungumzwa nje, tukalisikia, na tukakubali. Nalisema hili ili nisije nikajitia usafi. Tulikubali kwa furaha. Tuliambiwa nyumba itakuwa na madirisha sita na kwamba baraza sasa litaheshimiwa bomani, na tukadhani heshima hiyo itamwagikia na sisi. Mimi mwenyewe nilibeba matofali kichwani nikiimba.

Madirisha yakawekwa juu, karibu na paa, ng'ombe wasichungulie. Migomba iliyokuwa karibu ikakatwa ili nyumba ionekane vizuri kutoka ziwani. Na mlango ukawa mmoja, kwa sababu askari wa kuulinda alikuwa mmoja. Mlango mmoja, na ndani yake, uso kwa uso na anayeingia, benchi la wakwe. Hata nyumbani kwa baba mkwe wangu, ambako hakuna aliyewahi kutunga sheria, kulikuwa na kijia cha nyuma kilichozunguka zizi ili mimi nipite bila kumkuta. Wanaume wale wale waliokanyaga vijia hivyo maisha yao yote walijenga nyumba ya nchi nzima wakasahau kwamba wana wake za wana wao. Hawakutufungia makusudi, na ndiyo maana siwasamehe. Kutotukumbuka ni kubaya zaidi.

Tangu hapo baraza likawa sauti ya nyuki ndani ya mzinga. Kengele ililia walipoanza na ililia chakula kilipofika. Wakitoka tuliwatuma waume zetu waulize kilichoamuliwa. Mume wangu, mtu mpole ambaye hakupenda kugombana hata na mbwa, alimwuliza baba yake, akaambiwa maamuzi hutolewa na karani. Akamwuliza karani, akaambiwa maamuzi hutolewa na mwenyekiti, naye ndiye baba yake. Akarudi nyumbani akaniambia kwamba siku hizi mambo yana utaratibu.

Msimu wa pili watu wa kufyatua matofali walirudi, wengi kuliko kwanza. Walichimba ukingo wetu wakavuka kijiti tulichoweka kama mpaka. Mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumshinda, alijikokota hadi pale akamwuliza msimamizi wao nani kamruhusu. Msimamizi akamjibu kwamba imeandikwa.

Hilo neno nililala nalo na kuamka nalo. Kwa sababu mimi nilijua kusoma. Herufi nilizipata misheni nikiwa msichana, na Kiswahili nilikipata kwa mke wa askari mmoja, mwanamke wa pwani mwenye mdomo, aliyekuwa akinunua vyungu vyangu na kunisahihisha kila neno kabla hajapokea chungu. Kama imeandikwa, basi inasomeka. Nilimwambia mume wangu anipatie karatasi hiyo. Akasema iko ndani. Nikamwambia aingie. Akasema haifai.

Aliyetoa shauri alikuwa mjane mmoja wa Kikisi, mfinyanzi mkongwe kuliko sote, mwanamke ambaye hakuwahi kusema neno zuri juu ya mwanamume yeyote, hayati mumewe akiwemo. Alituuliza: sisi haturuhusiwi kupita mbele yao, si ndiyo? Ndiyo. Na wao hawaruhusiwi kupita mbele yetu? Tulikuwa tumeiishi mila hiyo tangu tuolewe, na hakuna aliyewahi kuipindua aone upande wake wa pili.

Siku ya baraza tulisubiri kengele ilie. Wazee wakaingia wote, karani akaingia, mlango ukarudishwa. Ndipo tukaja. Tulikuwa wanawake zaidi ya thelathini, kila mmoja na chungu chake, tukakaa chini mbele ya ule mlango wenye kitasa, tumeupa mgongo, tumejifunika vichwa kwa adabu zote. Hatukuimba, hatukupiga kelele. Mwanamke anayejua ukutila asingeweza kukaa kwa heshima zaidi.

Askari wa mlangoni alikuwa mgeni, hakuelewa. Mwanzoni alitufukuza kwa maneno, kisha akaona tumekaa tu na vyungu vyetu, akarudi kivulini. Alisema yeye amri yake anaipata kwa Bwana Shauri, na Bwana Shauri hakumwambia habari ya vyungu.

Mzee wa kwanza kufungua mlango alikuwa yule wa Talatala, na kofia yake. Aliona migongo thelathini ya wake za wana wa wenzake, akatoa sauti ya mtu aliyekanyaga kaa la moto, akaufunga. Tukasikia ndani wanaulizana. Wakaufungua tena kidogo, wakaufunga. Jua likapanda. Bati walilolilia likaanza kazi yake. Wazee wetu asubuhi hunywa maziwa ya mgando kwa vibuyu, na kabla ya baraza hawajinyimi pombe, kwa hiyo kufikia adhuhuri shida ya ndani haikuwa joto peke yake. Tulisikia mabenchi yakisogezwa. Tulisikia mmoja akipima urefu wa dirisha na mwingine akimwambia aache ujinga, utabanwa kiuno. Hawa ndio waliokuwa wakiamua mambo ya nchi kutoka Ngana mpaka Matema. Nilicheka ndani ya nguo niliyojifunika mpaka machozi yakanitoka, na sikuwa na huruma hata chembe.

Mwishowe wakamtuma karani, ambaye si mkwe wa mtu. Akatoka na kanzu iliyolowa akauliza wanawake wanataka nini. Nilimjibu kwa Kiswahili chake kwamba tunataka karatasi ya ukingo wa udongo isomwe hapa nje, neno kwa neno. Akashtuka, akaniangalia upya. Kisha akajikusanya akasema karatasi za baraza si za kusomewa watu wa sokoni, ni siri ya serikali. Mzee wa Ngana akapaza sauti kutoka ndani kwamba karani asome upesi, yeye hawezi tena. Karani akasema hasomi juani mbele ya wafinyanzi.

Mume wangu alikuwa amesimama pembeni muda wote huo. Na hapa namshukuru, kwa mara hiyo moja. Alisogea chini ya dirisha akamwambia baba yake kwa sauti ya kusikika, "Tata, mke wangu anajua kusoma."

Nilijua wanachokifikiri. Nikisoma, baba mkwe ataisikia sauti yangu. Nisiposoma, watabaki mle mpaka jioni na aibu yao itachuruzika sakafuni. Mizani hiyo waliipima kwa muda mrefu kuliko walivyopima udongo wetu.

Kisha ikaja sauti yake, nzito, imeelekezwa ukutani. "Asome."

Karani alirudi ndani, akatoka na nakala, akanipa kwa ncha za vidole. Nikasimama, mgongo kwenye mlango, uso ziwani, nikasoma mstari mmoja mmoja na kuufasiri kwa Kinyakyusa, lugha tuliyoielewa sote. Baraza limeridhia ukingo wa udongo, kutoka matete makubwa hadi kijito, kuwa mali ya boma daima. Baraza limeridhia wanawake wa ufukweni kubeba matofali ya boma kila yatakapohitajika. Wanawake wafinyanzi waliitwa barazani, mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyepinga, hivyo wamekubali. Chini yake zilifuata alama za misalaba, moja kwa kila mzee, na ya kwanza, kubwa kuliko zote, ilikuwa ya baba mkwe wangu.

Nilipomaliza mzee wa Talatala akasema kwa unyonge kwamba yeye alidhani anatia alama ya kengele. Mwingine akasema aliambiwa ni karatasi ya mabenchi. Wakaanza kumgeukia karani, karani akasema aliwasomea kwa Kiswahili na wote wakaitikia ndiyo bwana. Naamini alisema kweli. Waliona haya kukiri kwamba hawakuelewa, wakatoa udongo wa mama yangu ili wasionekane washamba mbele ya kanzu.

Baba mkwe akanisemesha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe, na aliniambia kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Mwanangu, umekaa nyumbani kwangu miaka minne unajua kusoma. Mbona hukuniambia?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa mambo, na kila moja lilikuwa na haki ya kutoka. Miaka minne nilipita nyuma ya zizi lake na herufi zote kichwani, naye kila mwezi alipokea barua akaigeuza juu chini na kuiweka darini. Mtu mmoja katika ufuko mzima aliyeweza kumsomea alikuwa ndiye mtu mmoja asiyeruhusiwa kumsikia. Nilimdharau sana saa ile. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi nilijua barua ziko darini, na nikajitupa kichakani kila alipopita.

Tulisogea, tukageuza nyuso, na baraza la nchi ya ziwani likatoka mbio na makoti kichwani kuelekea vichakani.

Nakala ilikuwa yetu lakini karatasi yenyewe ilikuwa imekwenda bomani siku tatu kabla, na tarishi. Baba mkwe, sitamnyima hili, alilivua koti akapanda milima kwa miguu yake kwenda kuifuata. Alirudi siku ya tano. Bwana Shauri alimpokea vizuri, akampa kiti, akamweleza kwamba yeye binafsi asingependa kutengua jambo hilo, kwa sababu ni uamuzi wa baraza, na baraza lazima liheshimiwe.

Baada ya hapo walitengeneza, tena haraka. Walitoboa mlango wa pili upande wa mlima. Waliteremsha madirisha mpaka usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Wakaamua kwamba hakuna msalaba utakaotiwa kabla karatasi haijasomwa nje kwa Kinyakyusa, na msomaji nikawa mimi, nimekaa chini ya dirisha na kisogo changu kwao, mpaka vita ilipokuja na boma likakimbia. Wazee wa Ngana walikuwa wakijisifu kila mahali kwamba baraza lao halina siri. Walisema wao ndio waliobuni jambo hilo.

Siku ile aliporudi kutoka bomani, nilikwenda kwa mama. Alikuwa amekaa na bonge la mwisho la udongo wa kijivu, lile tulilokuwa tumelifukia kwa majani mabichi lisikauke, analizungusha taratibu na kuuinua ukingo wa chungu kwa vidole. Alinisalimu ugonile bila kuinua macho, akaniuliza baraza limesemaje. Nikamwambia udongo umekwenda, wa daima. Akauliza nani kaukubali. Nikamwambia imeandikwa kwamba ni sisi wafinyanzi tuliokubali.

Mikono yake ikasimama. "Na mimi nilikuwa wapi?" akauliza, na aliuliza kweli, alitaka kukumbuka.

Nikamwambia alikuwa nje.